Tangi la Pili kutoka Mlangoni

Maelekezo niliyopewa asubuhi ile yalikuwa na maneno matano tu: "Tangi la pili kutoka mlangoni." Katika maneno hayo matano niliyaelewa manne barabara. Lililonishinda ni la mwisho, kwa sababu kiwanda kile kidogo cha bia nilichokuwa nikifanyia kazi kilikuwa na milango miwili, mmoja wa mbele walikoingilia wageni na mmoja wa nyuma tulikopitishia magunia ya kimea, na katikati ya milango hiyo yalisimama matangi manne katika mstari mmoja. Msomaji mwenye subira atahesabu mwenyewe na kugundua kwamba tangi la pili kutoka mlango wa nyuma ni la tatu kutoka mlango wa mbele. Mimi sikuhesabu. Mwenye kiwanda, ambaye ndiye pia aliyekuwa mpika bia mkuu na ambaye sote tulimwita Mama, siku zote aliingilia mbele. Mimi, niliyekuwa na miezi minne tu kazini, niliingilia nyuma pamoja na magunia.

Sina budi kueleza hali yangu ya wakati huo. Nilikuwa nimefikia kile kiwango cha ujuzi ambacho ni kibaya kuliko ujinga wenyewe, yaani nilikuwa nimesoma. Nilijua kwamba kimea ni nafaka, aghalabu shayiri, iliyoloweshwa ikaachwa ichipue kisha ikakaushwa. Nilijua kwamba maji ya kukorogea kimea yakikaa kwenye nyuzijoto 63 hivi za Selsiasi hutoa sukari ambayo hamira huila karibu yote, hata bia ikatoka nyepesi mdomoni, ilhali yakikaribia nyuzi 70 hubaki utamu mzito ambao hamira haiuwezi. Wenzangu nao waliyajua hayo, tena kwa miaka mingi zaidi. Tofauti ni kwamba wao hawakuyasimulia wakati wa kula.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Nilitakiwa kupanda ngazi na kumimina kilo 3 za hopsi katika tangi la lita 500. Hopsi ni ua la mmea utambaao, na lina tabia mbili zisizopatana: likichemshwa kwa saa nzima pamoja na maji ya kimea hutoa uchungu wa kutosha, lakini harufu yake huondoka na mvuke. Kwa hiyo viwanda vidogo vinavyopenda bia zenye kunukia, hasa zile zinazoitwa IPA, hutia hopsi nyingine baadaye, bila kuzichemsha, bia ikiwa imo tangini na uchachukaji umekaribia kwisha. Hopsi hizo huja zimesagwa na kushindiliwa kuwa vidonge vya kijani ambavyo, mtu asipoambiwa, angedhani ni chakula cha sungura. Gramu 6 kwa kila lita si jambo la kutisha. Mtu hupanda, hufungua, humimina, hufunga, hushuka.

Kilichoiharibu kazi ni wageni. Walifika kumi na wawili, wamekuja kutazama jinsi bia inavyotengenezwa, na Mama alikuwa ofisini akibishana kwa simu na mtu aliyemletea vizibo visivyolingana na chupa. Alichungulia mlangoni, akaniona na ndoo yangu, akasema, "Mwanangu, waoneshe unavyotia hopsi, nami nakuja sasa hivi." Nadhani hadi leo hajawahi kutamka sentensi nyingine iliyomgharimu kiasi kile.

Nikawapanga wageni nusu duara chini ya tangi la pili, kwa hesabu ya mlango wangu. Ndani ya tangi hilo hamkuwamo IPA. Mlikuwamo bia ya ngano, iliyokwisha kuiva, iliyopozwa hadi nyuzi 2 na kujazwa gesi, ikingoja kutiwa kwenye mapipa kesho yake. Bia ya ngano ni kiumbe cha ajabu: hunukia ndizi mbivu na karafuu ingawa ndani yake hamna ndizi wala karafuu, harufu zote mbili zikiwa ni kazi ya hamira yake. Aidha, ni miongoni mwa bia zinazobeba gesi nyingi kupita zote. Hewa ya ukaa iliyoyeyuka katika lita 500 za bia ile, kama ingeachiwa yote, ingejaza nafasi ya lita 1500 hivi. Juu ya hayo, protini za ngano huyafanya mapovu yake yasimame imara badala ya kupasuka na kupotea. Mtu akitumwa duniani kote kutafuta bia isiyofaa kabisa kutupiwa kilo 3 za vidonge, akirudi na bia hiyo atakuwa ameitimiza kazi yake vyema.

Dalili hazikukosekana. Tangi linalongoja hopsi huwa na vuguvugu, kwa kuwa hamira bado inafanya kazi, na mpira wake wa kutolea gesi huwa umetumbukizwa katika ndoo ya maji ukitoa viputo. Tangi langu lilikuwa baridi hata limetoka jasho kwa nje, nami nililiegemea nikawaambia wageni kwamba hapo ndipo mahali pazuri pa kusimama siku za joto. Ndoo ya viputo ilikuwapo pia, ila ilikuwa chini ya tangi la jirani. Niliisogeza kwa mguu ili isiwakwaze wageni.

Palikuwa na mzee mmoja aliyevaa koti la rangi ya maziwa, mtu mtulivu mwenye macho ya kuuliza. Alinyosha kidole juu.

"Kijana, kile kisaa kinaonesha nini?"

"Ni kipimo cha presha, mzee," nilimjibu. "Kiko kwenye bar 1. Huwa tunaitoa kwanza ndipo tufungue."

Hapo nilisema kweli, na ni kweli hiyo iliyonipa ujasiri wa kuendelea na upumbavu wangu. Nililegeza vali ya juu pole pole, kama nilivyofundishwa, gesi ikaanza kutoka kwa mlio wa nyoka. Ilichukua muda. Ili wageni wasichoke, niliwasimulia sheria ya Bavaria ya mwaka 1516 iliyoamuru bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji tu, nikawauliza kilichosahauliwa ni nini. Hakuna aliyejua. Nikawaambia kwa sauti ya mwenye siri kwamba ni hamira, ambayo sheria ile haikuitaja. Gesi ilikuwa bado inatoka, basi nikahama Bavaria nikaenda Copenhagen, katika maabara ya Carlsberg, ambako mwaka 1883 Emil Christian Hansen alifanikiwa kutenga na kukuza aina moja safi ya hamira. Nilikuwa nimeanza kuutafuta mji mwingine wa kwenda pale mlio ulipokoma na mshale ukalala kwenye sifuri.

"Imekwisha?" aliuliza mzee.

"Imekwisha, mzee."

Iliyokuwa imekwisha ni ile iliyokaa juu ya bia. Iliyoyeyuka ndani ya bia haikuwa na haraka ya kwenda popote, sawasawa na soda iliyofunguliwa, ambayo hutoa sauti mara moja tu ya kizibo lakini hubaki na gesi yake tele. Bia baridi iliyotulia huweza kukaa hivyo muda mrefu, kwa sababu gesi inahitaji mahali pa kuanzia kiputo: mkwaruzo, chembe, vumbi, chochote chenye uso wa kukwaruza. Kidonge kimoja cha hopsi, kikishasambaratika majini, hutoa mahali pa namna hiyo maelfu kwa maelfu. Mimi nilikuwa na kilo 3.

Nikapanda ngazi, nikafungua kibano, nikaondoa kifuniko kilichokuwa na upana wa sahani, nikainua ndoo juu kidogo ili wageni wa nyuma nao waone, nikamimina vyote kwa mkupuo.

Kwa muda wa kama pumzi mbili hapakutokea kitu. Nakumbuka niligeuka nikawatabasamia. Kisha tangi lote likaguna, mguno wa kutoka chini kabisa kama wa mtu aliyeamshwa usingizini, na mguu wangu ulioegemea chuma ukahisi tetemeko. Nilipogeuza uso kutazama tundu, tundu nalo lilikuwa tayari kunitazama.

Povu lilipanda likiwa nguzo moja, nene kama paja, la kijani kibichi, likaenda moja kwa moja hadi kwenye bati la paa na kurudi likiwa mvua. Ndoo iliondoka mkononi mwangu bila kuaga. Lakini haki isemwe: hadi dakika ile wageni walikuwa wakavu. Nguzo ilikuwa imenyooka, na matone yaliyoanguka yaliniangukia mimi na matangi. Kama ningeshuka na kukimbia, hasara ingekuwa ya kiwanda peke yake. Badala yake nilikumbuka kwamba mimi ni mfanyakazi mwaminifu, nikaliziba tundu kwa viganja vyangu viwili.

Kila aliyewahi kuziba mdomo wa mpira wa maji kwa kidole gumba anajua kilichofuata. Ile nguzo moja iligawanyika ikawa mapanga ya bia yaliyotoka katikati ya vidole vyangu na kuenea kiwanda kizima kwa usawa wa vifua vya watu. Nikiusogeza mkono kushoto, wa kulia wanapigwa. Nikijirekebisha, wa kushoto wanapata zamu yao. Niliwagawia sawasawa, bila upendeleo. Koti la rangi ya maziwa likawa la rangi ya mchicha. Katika kelele zile nilisikia sauti ya mzee, tulivu vilevile, ikisema, "Kijana, mshale bado uko sifuri."

Mama akatokea ofisini, simu ikiwa bado sikioni. Aliangalia juu, akaangalia chini, kisha akapaza sauti ambayo sikujua kama anayo: "Toka nje! Toka nje sasa hivi!"

Nikajua kibarua changu kimeota nyasi. Nikiwa juu ya ngazi, nikitiririka, na viganja vikiwa bado juu ya tundu, nilianza kuomba radhi: kwamba nisamehewe kwa mara hii, kwamba hasara ikatwe kwenye mshahara, kwamba nina miezi minne bila kosa. Nilizungumza kwa ufasaha kweli. Mama alipiga mlango wa mbele teke ukafunguka wazi, akamtuma mwenzangu afungue wa nyuma, akanirudia kwa hasira: "Gesi, mwanangu! Gesi! Hutaki kazi au hutaki kupumua?" Hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, ikimwagika ndani hukaa chini, na chumba chenye milango iliyofungwa huweza kumlaza mtu asiamke. Hilo nilikuwa nimelisoma, tena ukurasa mzima.

Tukasimama nje sote kumi na watano, tukinukia ndizi, karafuu na majani mabichi, tukisubiri kiwanda kipate hewa. Mama hakunigombeza. Alichukua taulo, akampa mzee, kisha akaniuliza kwa upole uliotisha kuliko kelele:

"Nilikwambia tangi lipi?"

"La pili kutoka mlangoni, Mama."

"Mlango gani?"

Nikaunyoshea kidole mlango wa nyuma. Yeye alikuwa ameusimamia wa mbele. Alikaa kimya kwa muda, akiangalia mlango huu kisha ule, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaona kwamba sikuwa peke yangu katika kesi hii. Kesho yake kila tangi lilikuwa limechorwa namba kubwa kwa rangi nyekundu, na hakuna aliyelizungumzia jambo hilo.

Hesabu ya jioni ilionesha kwamba lita 140 zilikuwa zimetoka tangini, na sehemu yake kubwa ilikuwa darini. Iliyobaki Mama aliionja, akaitafakari, akasema inanyweka lakini si bia aliyoipika, basi tukaimaliza wenyewe taratibu. Usafi ulichukua siku mbili. Hopsi zilizosagwa zikikauka juu ya bati hushika kama kuvu, na maji ya moto huzing'oa kwa vipande vinavyomwangukia anayesugua, ambaye, kwa makubaliano ya wote, nilikuwa mimi. Kipande cha mwisho nilikitoa sikioni siku ya nne.

Lakini kabla ya usafi kulikuwa na jambo moja lililobaki. IPA ilikuwa bado inangoja hopsi zake, na wageni, ajabu ya Mungu, walikuwa hawajaondoka. Walikuwa wamejipangusa na kudai waone mwisho wa somo. Mama akanipimia kilo 3 nyingine, akanishika bega, akanipeleka mwenyewe hadi kwenye ngazi ya tangi sahihi. Wageni wakasogea hadi ukutani. Mama mmoja akafungua mwavuli. Nilipanda nikitetemeka, nikafungua kifuniko, nikafumba macho, nikamimina.

Vidonge vilizama kwa sauti ndogo, kama mvua ya kwanza juu ya mchanga. Viputo vichache vikapanda, vikapasuka. Tukangoja. Mwavuli ukakunjwa. Kutoka ukutani nikasikia sauti ya yule mzee akimwambia jirani yake, kwa masikitiko ya kweli:

"Hili bovu."