Hensamboi hataki kuniacha

Yakhe mimi nina miaka 41, nina kitambi, nina watoto watatu na mkopo wa tuktuk, lakini nikituma imeli bado naitwa hensamboi wa Tudor. Hiyo anwani niliifungua 2009 kwenye saiba moja pale Mwembe Tayari, shilingi moja kwa dakika, na akili za wakati ule mwazijua wenyewe.

Juzi nimetuma kotesheni ya mabomba kwa ofisi moja, mama wa manunuzi akanipigia simu, hasemi kitu, acheka tu. Nikasema leo basi. Mpwa wangu alishanifungulia anwani mpya ya heshima yenye jina la duka, nikaingia ile programu ya imeli kwa kompyuta, setingi za akaunti, pale kwa mtumaji nikafuta hensamboi nikaandika ya duka, nikasevu, nikajiagizia kahawa chungu na kashata. Nikamtumia mke wangu ya kujaribu. Akajibu: "Hensamboi, unga umekwisha."

Yaani kwangu kwenye skrini ni duka, kwake hensamboi! Nimehangaika mpaka adhana ya laasiri, nikabadilisha hata ile poti 587, namba ya mlango wa kutolea barua, ambayo maskini haikuwa na kosa lolote, ikawa sasa haitumi kabisa, nikairudisha.

Kumbe ile programu yaandika tu utakavyo, lakini barua yapitia seva ya SMTP, ile kompyuta ya mbali inayopokea barua zako na kuzisafirisha, na kule mimi naingia kwa akaunti na paswadi ya hensamboi, sasa hii seva yangu ikiona jina isilolijua yalifuta yarudisha la mwenye akaunti. Kama kutuma mzigo kwa basi, wewe wajiita bosi, karani aandika jina la kitambulisho. Na zile seva zisizofuta pia balaa, huko iendako wakiona jina la duka latoka mlango wa mwengine waweza kuitupa kwenye spamu.

Dawa nimeambiwa niingie akaunti ile ya zamani kwenye brauza, niongeze anwani mpya kuwa nami naitumia, halafu nithibitishe kwa kodi, si ya nyumba, ile ya tarakimu.

Haya, nimeongeza. Kodi imetumwa. Wapi? Anwani mpya. Paswadi yake anayo nani? Mpwa. Na mpwa yuko Lamu harusini, simu imezimwa tangu Ijumaa.

Kotesheni nyengine mwisho ni kesho saa nne asubuhi. Itaenda na hensamboi wake.