Paka Mmoja, Nyumba Tatu

Simu ya bibi mwenye paka ilitoka Mikindani, mtaa wa chini ya Boma la zamani, Ijumaa asubuhi. "Mwanangu, Sultani anatapika, hali kitu. Dawa yako ndiyo imemuua."

Nyuma ya simu paka marehemu alikuwa akilia kwa sauti nzuri tu.

Ugonjwa wa Sultani ulishajulikana. Vile vinyama vilaini chini ya nyayo zake, hasa kile kikubwa cha katikati, vilikuwa vimeumuka kama andazi: ukibonyeza panabonyea, rangi imeelekea zambarau, na juu yake vistari vyeupe vyembamba vinavyokatana. Kimoja kilikuwa kimeshapasuka na kutoa damu. Babu mbangua korosho wa nyumba ya tatu alikwisha kutoa hukumu: mafuta ya maganda ya korosho. Kwa huku kwetu si wazo baya, maana yale mafuta yanababua ngozi, na akina mama wanaobangua kwa mkono wanayajua. Ila yakimbabua paka, balaa huja ghafla, na malengelenge, na kelele. Huu wa Sultani huja polepole, hushika miguu zaidi ya mmoja, na mwanzoni paka hata hachechemei. Ukivimba mguu mmoja peke yake, anza kutafuta mwiba au jino la paka mwenzake.

Chanzo ni kinga ya mwili iliyopotea njia. Seli za plazma, ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili, zinajazana ndani ya kinyama bila kuitwa. Daktari wa mifugo hufyonza kidogo kwa sindano nyembamba na kuzitazama kwenye hadubini. Hupima na virusi vya FIV, vinavyodhoofisha kinga ya paka, kwa sababu baadhi ya paka wenye nyayo hizi hukutwa navyo. Haviambukizi binadamu. Bibi alitaka nimwapie.

Dawa ni doksisaiklini, ya jamii ya antibiotiki, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku. Tulimpima Sultani ndani ya kikapu kwa mzani wa kuning'iniza wa wauza samaki: kilo 4.8, toa kikapu 0.6, ikabaki 4.2. Kwa hiyo miligramu 42. Kapsuli ya watu ina 100, haigawanyiki kwa macho, ndiyo maana ilichanganywa ya maji yenye miligramu 20 kwa kila mililita. Anapewa mililita 2.1, kisha papo hapo mililita 5 au 6 za maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Hayo maji si mapambo. Doksisaiklini ikikwama kooni huunguza, kovu linalobaki hubana njia, na paka aliyepona nyayo anaanza kushindwa kumeza.

Bibi alifuata yote hayo, na bomba alinionyesha. Sasa kutapika kumetoka wapi? Nikamfungua Sultani mdomo. Ulimi ulikuwa zambarau iliyokolea.

"Bibi, umempaka GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda?"

"Mimi? GV nitaitoa wapi?"

Tukatazama barazani. Alama za nyayo, zambarau tupu, zilikuwa zimeshuka ngazi, zikavuka uchochoro na kuingia kwa mwalimu wa madrasa. Tukazifuata. Zilipita mlangoni, zikapanda mkeka, na juu ya mkeka palikuwa na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi kwa ajili ya Ijumaa. Alikuwa ameikanyaga kuanzia pindo hadi kifuani, na pale kifuani inaonekana alijigeuza mara kadhaa kabla ya kulala.

"Huyu Chausiku wangu ana vidonda," mwalimu alisema, hata salamu hajaitikia. "Nampaka dawa kila usiku."

"Mwalimu, huyu ni dume."

"Sikumchunguza."

GV kwa paka ni hasara tupu: analamba, inamchoma mdomo, na inaficha ile rangi ambayo daktari anaitaka. Kidonda husafishwa kwa maji ya chumvi, kijiko kimoja cha chai cha kusawazisha ndani ya nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Zile dawa za kusafishia choo zinazogeuka maziwa ukizitia maji ziwekwe mbali kabisa, na panadol pia, maana ini la paka haliziwezi na panadol inaua.

Lakini GV peke yake haikutosha kueleza matapishi yote yale. Alama zikaendelea hadi kwa babu wa korosho, zikakomea kwenye kifuu cha maziwa.

"Karibuni. Mmemfuata Mgeni?" Babu alikuwa amechungulia bibi akimpa dawa, akauliza jina la dawa, akaenda kununua za kwake. Kapsuli moja nzima kila asubuhi, imefunguliwa ndani ya maziwa. 42 na 100 ni 142, zaidi ya mara tatu ya kipimo. Maziwa nayo hupunguza dawa inayoingia mwilini, kwa hiyo babu alikuwa anazidisha kwa mkono mmoja na kupunguza kwa mwingine.

Daktari alisema dozi zisimame hadi paka ale, kisha zirudi kwa bibi peke yake, kwa wiki kadhaa. Uvimbe mara nyingi huanza kunywea wiki ya 3 au ya 4, wengine hufika ya 8 na zaidi. Ukikataa kabisa, kuna predinisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili. Babu alipewa kazi ya kuondoa kokoto na maganda anapolala paka, atandike magunia.

Ikabaki kanzu. GV hutolewa kwa spiriti kabla ya sabuni, nikamwambia mwalimu. Akanitazama. "Spiriti? Kwenye kanzu ya Ijumaa?"

Adhana ilikuwa karibu. Bibi akamtolea kanzu ya marehemu mumewe, mtu aliyekuwa mfupi, na mwalimu akaelekea msikitini huku amekunja magoti kidogo ili pindo lifike chini.