Taa nyekundu ya Wootton Bassett: ni haki kumshtaki dereva?

Jioni ya Machi 7, 2015, treni ya abiria iliyovutwa na injini ya mvuke ilipita taa nyekundu karibu na Wootton Bassett, Uingereza, ikaenda kusimama juu ya maungano ya reli. Treni nyingine iendayo London ilikuwa imepita hapo chini ya dakika moja kabla. Hakuna aliyeumia. Hata hivyo dereva alihukumiwa kifungo cha miezi 4 kilichoahirishwa, na kampuni yake ikatozwa faini ya pauni 200,000.

Wanaopinga madereva kushtakiwa wana hoja nzito. Mwaka 1989 huko Purley, kusini mwa London, dereva alipita taa nyekundu, watu 5 wakafa, naye akafungwa. Mwaka 2007 mahakama ya rufani ilimfutia hatia, baada ya kubainika kwamba taa ile ile ilikuwa imepitwa mara 4 katika miaka 5 iliyotangulia. Taa inayowaponyoka madereva wengi hivyo ina kasoro yake yenyewe. Tena, dereva anayeogopa jela ataficha makosa madogo, na hayo ndiyo wahandisi wanayohitaji kuyasikia mapema.

Lakini Wootton Bassett si Purley. Katika reli za Uingereza kuna sumaku njiani: treni ikikaribia taa ya tahadhari au sehemu ya kupunguza mwendo, honi hulia kwa dereva, na asipoijibu upesi breki hujikamata zenyewe. Siku ile honi ililia kwa ajili ya sehemu iliyowekewa kikomo cha mwendo kwa muda tu, ikachelewa kujibiwa, breki zikakamata. Badala ya kusimama na kutoa taarifa, dereva na mchochea makaa walifunga koki inayouzima mfumo huo ili wasipoteze mwendo. Wakawa wameondoa pia kinga ambayo ingeishika treni kwenye taa nyekundu iliyokuwa mbele.

Kupitiwa hadi kuikosa taa kunaweza kumpata dereva yeyote mwangalifu. Kufunga koki ni uamuzi, na kwa huo naona mahakama ilikuwa sahihi kumtia hatiani, ingawa hapakumwagika damu.

Kinachonikera ni mgawanyo wa adhabu. Kampuni ilikiri kwamba haikusimamia usalama ipasavyo, yaani mazoea ya kwenye injini yalikuwa na wakubwa wake ofisini. Dereva amebaki na hatia kwa jina lake. Faini ya kampuni haikutoka mfukoni mwa meneja yeyote.