Aliyeumizwa utotoni si lazima awe mvutaji

Mtu akijaribu kuacha sigara na kurudia, tunamwambia hana nia. Tangu nilipousoma utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999 na kundi la madaktari, wakiwemo Robert Anda na Vincent Felitti, kauli hiyo naiona ya kikatili. Watu wazima zaidi ya 9,000 waliopimwa afya San Diego waliulizwa ya utotoni: kipigo, matusi, kuingiliwa kingono, mama kupigwa, wazazi kutengana, kuishi na mlevi, mgonjwa wa akili au mfungwa. Waliopitia matano au zaidi, wakilinganishwa na wasiopitia lolote, walikuwa na uwezekano zaidi ya mara 5 wa kuanza kuvuta mapema, na takriban mara 2 wa kuwa bado wanavuta.

Inaingia akilini. Nikotini hutuliza haraka, na aliyekua akisikilizia hatua za baba mlevi mlangoni hujifunza mapema kutafuta kitu cha kumtuliza. Ubaya ni kwamba ikiisha mwilini huleta wasiwasi wake yenyewe, naye huwasha nyingine.

Wapo wanaoupinga utafiti huo wakisema kwamba kumbukumbu za utotoni hupotoka, na kwamba waliohojiwa walikuwa watu wenye bima, wengi wao wasomi. Ni hoja halali, lakini kwangu iliyo nzito zaidi inatoka Tanzania. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya miaka 18. Ukatili wa kingono uliwapata karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7. Sasa tazama takwimu za watumiaji wa tumbaku Tanzania za 2018: wanaume asilimia 14.6, wanawake 3.2. Kama maumivu pekee yangetosha, wanawake wangekuwa mbele. Macho ya jamii, pesa mfukoni na nani anakaa kijiweni vina nguvu kubwa mno. Hata Marekani, wavutaji walishuka kutoka asilimia 42 hivi mwaka 1965 hadi kati ya 11 na 12 mwaka 2022, na kodi, marufuku na elimu vilichangia sana.

Kwa hiyo sikubali kumhesabia mtu mikasa yake na kumtabiria uraibu. Wengi walioumizwa hawajawahi kuvuta. Wala sikubali kodi ibebe kazi yote, kwa sababu inaweza kumkamua maskini mwenye jeraha bila kumtibu. Kodi ibaki, na sigara zisiuzwe moja moja kwa watoto. Kwa anayerudia kila akiacha, mhudumu wa kliniki amuulize faraghani aliyopitia, mradi pale pale yupo mshauri wa kumpokea. Kumfungua kidonda kisha kumrudisha nyumbani na kipeperushi ni kumuumiza upya.