Kuhusu Ule Ufa

Kwa kuwa rafiki yangu amekwisha kuwatangazia kwamba niliisimamisha klabu yetu nzima ya glaida, zile ndege zinazoruka bila injini, kwa sababu ya kofia, naomba na mimi nisikilizwe, ingawa jambo lenyewe ni la juzi tu na masikio bado yananiwaka.

Hapa Ujerumani, msimu wa baridi glaida huvuliwa mabawa, na viungio vya chuma vinavyolishika bawa kwenye kiwiliwili hukaguliwa kama vimeingiwa na nyufa za uchovu. (Mnaouliza chuma huchokaje: bawa hupinda kidogo kila likipigwa na upepo, na kupinda huko kukirudiwa miaka nenda miaka rudi ndiko kunakozaa ufa. Mwaka 2010 bawa la glaida ya aina ya L-13 Blaník lilikatika angani huko Austria kwa uchovu wa namna hiyo, kwa hiyo msidhani nilikuwa na kiherehere cha bure.)

Nilikisafisha kiungio, nikakipaka ile rangi nyekundu inayopenya hata kwenye ufa usioonekana kwa macho, nikasubiri, nikaifuta, kisha nikapulizia poda nyeupe inayoifyonza rangi iliyobaki ndani. Pembeni mwa tundu la pini, mahali hasa ambapo nyufa hupenda kuanzia, ukajichora mstari mwekundu, mwembamba, uliojipinda kwa madaha. Nilipiga ukelele ambao uliwafanya watu waache kahawa zao mezani.

Mzee mkaguzi alikuja taratibu, akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Akainama na lenzi yake, akanyamaza kwa muda mrefu, nami muda huo nikautumia kuwaeleza waliokusanyika jinsi moyo ulivyokuwa ukinienda mbio tangu asubuhi. Kisha akaomba kibano. Ndugu zangu, ufa hauokotwi kwa kibano! Yeye aliubana ncha, akauinua polepole hadi kwenye taa, ukaning'inia mbele ya kadamnasi. Na ncha ya pili, alipoipangusa poda, ilikuwa ya kijani. Bila kusema neno, akayapandisha macho hadi kichwani kwangu, kwenye kofia ya sufu ya kijani aliyonifumia mama.

Tulisafisha, tukarudia kazi yote, kiungio kikaonekana kizima, na mimi nikapewa kofia ya plastiki ya kuogea. Ama huyo anayedai kwamba nililia, ajue kuwa rangi ile ikiingia jichoni humtoa machozi mtu yeyote.