Muulize mwenyeji anapika nini, ndipo ununue divai

Mwaka jana nilikaribishwa chakula cha jioni nikaenda na divai nyekundu changa, Cabernet Sauvignon, chupa yenyewe nzito kama jiwe. Nilijiona nimefanya la maana. Kumbe mwenyeji kapika samaki. Tukaifungua papo hapo. Aliyeketi kando yangu alipiga funda moja, akapitisha ulimi kwenye kaakaa mara mbili, kisha akavuta glasi ya maji. Hakusema neno. Divai yake ilibaki vilevile hadi tunaagana.

Ule ukakasi ni kazi ya tanini, inayotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, nyingine kwenye pipa. Tanini hushikana na protini za mate, na mate yakipoteza utelezi mdomo unakauka, kama umekunywa chai kali iliyosahauliwa jikoni. Ukila nyama yenye mafuta, tanini inapata kitu kingine cha kushikana nacho, na divai ileile inalainika. Kwa samaki, divai nyekundu ya namna hii inaweza kuacha ladha ya chuma.

Kwa hiyo mimi sasa napiga simu kwanza. Wapo wanaosema zawadi haiulizwi. Sawa, lakini afadhali aibu ya kuuliza kuliko ya chupa isiyonyweka. Nikiambiwa kuna nyama, au mchuzi mzito uliokaa jikoni saa nyingi, ndipo nafikiria divai nzito.

Na uzito usiutafute kwenye rangi. Barolo ya Italia, ya zabibu za Nebbiolo, imepauka kiasi cha kukuhadaa, lakini ikiingia mdomoni inakamata kwelikweli. Sheria inataka ikae miezi 38 kabla ya kuuzwa, na hata hapo nyingi bado kali. Chupa nene yenye kitako kilichobonyea ndani nayo haikwambii kitu (mimi ni shahidi). Soma kiwango cha kilevi kwenye lebo, kwa kuwa kilevi ndicho kinachochangia sana uzito ule unaousikia ulimini. Ikiwa asilimia 14 au zaidi, kuna uwezekano mkubwa ni nzito.

Kama wageni siwajui, nabeba Malbec ya Mendoza, Argentina. Zabibu hizo asili yake ni Ufaransa, na kule Cahors bado zinatoa divai yenye ukali wake. Za Mendoza, zinazoiva kwa jua la miinuko ya Andes, huwa na tanini laini, hata asiye mzoefu anamaliza glasi. Shiraz ya Barossa, Australia, naipenda zaidi, ila ile harufu yake ya pilipili manga na kilevi kingi si ya kila mtu. Hiyo nawapelekea marafiki.

Ukifika, omba jagi. Divai changa ikimiminwa humo saa moja kabla ya kula inatulia. Na kama chumba kina joto, iweke kwenye friji dakika 20 hivi: nyuzi 16 hadi 18 zinatosha. Ikipata joto kupita hapo, kilevi kinakuwahi puani kabla hujaonja chochote.

Mwenyeji akiamua kutoifungua usiku huo, usikae unaitupia jicho pale rafuni. Ni yake.