Anayemuuliza mchungaji hali yake ni nani?

Mchungaji akilazwa, tunatangaziwa ibadani tumwombee, na tunaomba kweli. Lakini presha yake ilisomaje mwaka jana? Mara ya mwisho alilala lini bila simu chini ya mto? Mimi ni mzee wa kanisa, na naona maswali hayo yanatuhusu sisi kabla hayajafika hospitali.

Kanisa la United Methodist huko North Carolina, Marekani, lilikubali watumishi wake waulizwe. Chuo Kikuu cha Duke kilianzisha mpango wa afya yao mwaka 2007, na mwaka uliofuata asilimia 95 ya waliofikiwa walijibu dodoso. Karibu 4 kati ya 10 walikuwa na unene uliopitiliza, wengi kuliko wananchi wenzao wa jimbo hilo. Kisukari na presha navyo viliwazidi. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba wachungaji haohao, pamoja na magonjwa yote hayo, walijieleza kuwa wanajiweza kimwili kuliko watu wengine walivyojieleza.

Kwetu sababu hazijifichi. Jumapili ana ibada mbili usharikani, kisha anapanda pikipiki kwenda kanisa dogo la mtaa kwa ibada ya tatu. Jumatatu, ambayo kwa ratiba ni mapumziko yake, kuna mazishi, na familia haitaki kusikia habari za mwinjilisti wakati mchungaji yupo. Kila nyumba anayoingia anawekewa soda na sahani ya pilau, akikataa, ametudharau. Usiku simu zinaingia: ndoa ya fulani imeyumba, mtoto kazidiwa, kwaya mbili zinagombea vyombo. Hizo kwaya peke yake zinatosha kummaliza mtu! Mama mchungaji naye hana pa kusemea.

Duke hawakuishia kwenye dodoso. Waliwaingiza wachungaji zaidi ya 1,000 katika mpango wa miaka miwili, wakawapa washauri wa afya wa kuwafuatilia na mafunzo ya kukabili msongo wa mawazo. Uzito ulipungua. Msongo na sonona, hapana, havikupungua kwa kiwango cha kuonekana. Kwa maoni yangu, mlo mchungaji anaweza kuubadilisha mwenyewe, lakini sehemu kubwa ya msongo tumemtwisha sisi. Unampeleka semina wiki nzima, anarudi anaikuta ratiba ileile.

Wapo wanaosema maombi yanatosha. Musa alikuwa mwombaji, na bado mkwewe Yethro alimwambia kazi ile itamchosha, agawane na wengine.

Dayosisi nazisihi jambo moja: anayemuuliza mchungaji asiwe yule anayempangia uhamisho. Nani atamwambia mkuu wake kwamba hapati usingizi, huku akijua barua ya kumpeleka usharika wa mbali huandikwa ofisi hiyohiyo? Tuna vyuo vikuu vya kanisa na hospitali za kanisa. Wafanye wao utafiti huo, na majibu ya mtu yabaki siri.

Sisi wazee tusisubiri utafiti. Jumatatu simu ya usharika ikae kwa mzee wa zamu. Mazishi ya siku hiyo aongoze mwinjilisti, na wa kwenda kuieleza familia tuwe sisi, siyo mchungaji mwenyewe. Akija kututembelea nyumbani, tumpe maji na matunda, tumwache aondoke mapema akale na watoto wake.